TAHADHARI: Msinunue distributa kwa yule fundi wa Ndeeba, Kampala

Ndugu zangu, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Nimeibiwa mchana kweupe, nimesimama palepale, macho yote kwenye injini!

Corolla ya marehemu mzee mnaijua, na nilikuwa naiandaa kwa safari ya Busia. Jamaa akanipa distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi) "ya Japani, haijaguswa" kwa 280,000, na yangu ya zamani akabaki nayo. Nilimwamini kwa sababu hakutega taimingi (wakati wa cheche kuwaka) kwa sikio kama wengine. Alitoa taa ya taimingi. Akafuta puli ya kranki (gurudumu la mbele ya injini lenye alama ya taimingi) kwa kitambaa, akachora mstari mweupe "uonekane vizuri, mzee wangu", akachomoa mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distributa na kuuziba kwa bolti, jambo ambalo ndilo utaratibu, nalijua. Akawasha, akamulika. Mstari ukatulia kwenye alama ya nyuzi 8, kama kitabu kisemavyo. Injini ikanguruma. Nikamwongezea 10,000 ya chai.

Tulipoingia msitu wa Mabira, kila mwinuko injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo, mshale wa joto unapanda. Nikajikongoja hadi Iganga. Kijana mmoja fundi akainama, akapitisha kucha kwenye puli. Alama ya kiwandani ni mfuo uliochongwa kwenye chuma, na ulikuwa mbali kabisa na ule mstari mweupe. Mwizi alijichorea alama yake! Cheche zilikuwa zinawahi mno, ndiyo maana pale kwake gari lilichangamka. Distributa yenyewe shafti inacheza, diafremu (utando) ya vakyumu imepasuka, na mpira bado una bolti. Rangi ya silva ikabanduka, ikabaki kidoleni mwangu.

Huyu mtu ashikwe! Arudishe kila shilingi, alale rumande, na wenzake wa pale wasimpe tena hata sehemu ya kusimama. Nilikuwa na mama na watoto ndani ya gari. Pistoni ingetoboka usiku katikati ya msitu, ningewaambia nini?

Basi, fundi akichora alama, mwambie kwanza akuonyeshe mfuo. Tikisa shafti. Fyonza ule mpira wa vakyumu wa distributa kwa mdomo, ukipitisha hewa usilipe. Lakini mimi nataka afungwe.

Distributa yangu ina mikato miwili ya tupa karibu na bolti ya kukazia, aliiweka mzee kwa mkono wake. Mkiiona inauzwa popote Kampala, nipigieni hata usiku wa manane.