Kitabu cha watalii Zanzibar: ramani safi, bahari wamesahau

Jamani nilinunua kitabu cha wasafiri kabla ya kwenda Unguja, picha kali, na ramani ya Mji Mkongwe imenisaidia kweli maana vile vichochoro hata simu inachanganyikiwa, ila habari za maji kupwa na kujaa hakuna hata mstari! Tumefika ufukwe wa Paje saa nne asubuhi na mataulo yetu, bahari imekimbia hukooo, kina mama wanahangaika na mwani wao, sisi ndala mkononi tunatembea tu. Kumbe fukwe za Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, unaogelea karibu muda wowote. Daladala 116 ya Nungwi nayo haimo kitabuni, wameandika teksi teksi tu. Ukiwa dukani fungua kurasa za fukwe kwanza, usipoona kupwa na kujaa rudisha shelfuni.