Twisheni ya maabara Kimara: kila binti na bureti yake

Wazazi wenzangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne, mmekuwa mkiniuliza sana kuhusu kituo anachosoma binti yangu. Jina njooni inboksi, maana hapa nasifia na kulalamika pia.

Shuleni kwao maabara ipo, ila bureti moja, ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na koki chini, wanaigombania watu sita, saba. Wavulana wanaishika, na binti mwenye mwandiko mzuri anapewa kazi ya kujaza jedwali. Anamaliza mwaka anajua kuchora jedwali tu. Halafu kwenye mtihani wa vitendo wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kila mtahiniwa anasimama na vifaa vyake, peke yake. Mikono ikitetemeka, utasikia watu wanasema sayansi haiwafai wasichana! Mimi ni fundi cherehani; hakuna mwanafunzi wangu aliyejua kushona kwa kuniandikia vipimo.

Hapa kituoni kila mmoja ana stendi yake ya bureti. Jumamosi moja nilikaa benchi la nyuma nikitazama. Binti yangu anaachia asidi tone kwa tone kwenye chupa yenye besi na MO (methyl orange, rangi ya njano inayogeuka nyekundu asidi ikizidi), huku anaitikisa. Njano ikaanza kugeuka, akachelewa kufunga koki, ikawa nyekundu kabisa. Kijana wa pembeni akanyoosha mkono amsaidie. Madam wa kemia akamzuia: "Mwache. Wewe mwaga, osha, anza tena." Akaanza tena. Safari hii alipofika kusoma aliinama mpaka jicho likawa usawa wa mstari, akasoma chini ya mpindo wa uso wa asidi, akaandika mwenyewe. Kwa hilo pekee ningewapa nyota tano.

Ninatoa nne. Mpira wa kuvutia pipeti, mrija wa kuchotea kemikali kwa kipimo, ni mmoja kwa darasa zima, wengine wanavuta kwa mdomo! Nimesema mara kadhaa, najibiwa "tunaagiza". Makoti ya maabara yameshonwa kwa miili ya wanaume; mikono inaning'inia hadi kwenye chupa. La wangu nimelipunguza mwenyewe. Na choo cha wasichana maji hukatika, jambo ambalo kwa binti wa umri huo linatosha kumfanya abaki nyumbani siku zake.

Ada ni 60,000 kwa mwezi kwa masomo matatu, vifaa ndani. Si hela ndogo. Ila sote tunaota hawa watoto waingie Kidato cha Tano kusoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), na tunausikia ufadhili wa serikali, Samia Skolashipu, unavyowasomesha chuoni waliofaulu vizuri sana sayansi Kidato cha Sita. Huko hafiki mtu aliyekwama kwenye vitendo vya Kidato cha Nne.

Fizikia ni ya kawaida, mwalimu anachelewa. Mkienda, ombeni zamu ya madam wa kemia, Jumatano jioni au Jumamosi asubuhi. Ya Jumamosi inajaa mapema.