Epoksi ya makopo mawili kwenye sakafu ya gereji: uzoefu wangu

Niseme mapema nilikosimama: kwa gereji inayoingia gari kila siku, natumia epoksi ya makopo mawili (rangi ya plastiki ngumu: kopo moja la rangi, la pili la dawa ya kukazia) isiyo na maji wala kiyeyushi, na juu yake koti, yaani tabaka, la poliurethani, rangi ya kinga. Inastahimili matairi ya moto, oili na jeki ya kuburutwa. Ila zege likiwa na unyevu au halikusagwa, hata epoksi bora itabanduka, na lawama haitakuwa ya kopo.

Bidhaa zinazoitwa rangi ya gereji hazifanani hata kidogo. Ile ya kopo moja iliyoandikwa epoksi kwa kawaida ni akriliki iliyotiwa epoksi kidogo. Hukauka tu, haikazwi na kemikali ya kopo la pili. Tairi lililotoka barabarani huilainisha, kisha mpira ukipoa na kujikunja huivuta, na ukiondoa gari unakuta viraka vinne vya zege tupu. Epoksi ya makopo mawili yenye maji ndani yake inafaa stoo, lakini ni nyembamba. Poliaspatiki, rangi nyingine ya makopo mawili inayokauka haraka, ni nzuri kweli: haigeuki njano juani na gari huweza kuingia baada ya siku moja au mbili. Ubaya wake ni kasi. Inaanza kushika kabla mtu mmoja hajamaliza upande mmoja wa gereji, kwa hiyo ni kazi ya mafundi waliozoea.

Kabla ya kununua, tafuta kwenye kopo asilimia ya yabisi kwa ujazo, yaani kiasi kinachobaki sakafuni baada ya kukauka. Kisha piga hesabu. Lita moja juu ya mita moja ya mraba ni unene wa milimita moja, kwa hiyo ukitaka maikroni 250 (robo milimita), lita moja inafunika mita 4 za mraba na si zaidi. Sakafu ya mita 36 za mraba inataka lita 9 kwa koti moja, na kwa kuwa zege lililosagwa hunywa, ongeza asilimia 10 hadi 15. Kopo likijisifu kwamba lita moja inafunika mita 10 za mraba, huo ni utando wa maikroni 100 ukiwa mbichi. Nusu yake ikiwa maji, unabaki na 50.

Sasa zege lenyewe. Likiwa jipya, lipe angalau siku 28. Likiwa la zamani, pima unyevu: bandika kipande cha nailoni nene cha sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, uache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, maji yanapanda kutoka ardhini na yataisukuma rangi juu kwa malengelenge. Hapo kuna njia mbili: praima (koti la kwanza la chini) ya epoksi iliyotengenezwa kuzuia unyevu, au kuachana na rangi na kutumia dawa ya silani inayopenya ndani ya zege. Ya pili haing'ai, lakini haina cha kubanduka. Na nailoni kavu si hati ya usalama; hali hubadilika msimu wa mvua.

Madoa ya oili husafishwa kabla ya kusaga, kwa sabuni kali ya kuondoa grisi na brashi ngumu, tena na tena mpaka maji yaenee bila kujikusanya. Ukisaga kwanza unaisambaza oili. Mimi ni mtu wa grainda yenye diski ya almasi na vakyumu, asidi siipendi. Asidi haiondoi oili wala rangi ya zamani, inaloweka sakafu, na isiposuuzwa vizuri huacha chumvi ambayo epoksi haishikamani nayo. Lengo la kusaga ni kuondoa utando laini wa saruji juu ya zege hadi uso uwe kama msasa. Mwagia matone ya maji: yakinywewa ndani ya dakika moja hivi, uso umefunguka. Vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa ya kuchuja chembe ndogo.

Nyufa zilizotulia jaza kwa epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu. Maungio yaliyokatwa makusudi yasijazwe kitu kigumu, maana zege litacheza na mstari utapasuka palepale.

Kwenye kuchanganya ndiko wengi wanakoharibu. Fuata uwiano wa kopo kwa kipimo, si kwa macho. Kuzidisha dawa ya kukazia hakuharakishi chochote; kunaacha sakafu yenye kunata. Koroga dakika 3 kwa drili ya mwendo mdogo, hamishia kwenye ndoo nyingine, koroga tena, kwa sababu kilichonata pembeni mwa ndoo ya kwanza hakijachanganyika. Kisha mwaga yote sakafuni kwa mistari, usambaze kwa mpira wa kusukumia na rola. Ikibaki kwenye ndoo hujipasha moto yenyewe na kuganda, hata kutoa moshi.

Piga rangi jioni, sakafu ikiwa inapoa. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutoka kwa mapovu. Joto la sakafu liwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewani huanza kuwa matone), la sivyo uso utapata utando wa kunata unaozuia koti linalofuata. Huo huoshwa kwa maji vuguvugu. Koti la pili liwahi ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi saa 24. Ukichelewa, piga msasa kwanza.

Poliurethani ya juu isirukwe. Epoksi pekee hugeuka njano karibu na mlango panapofika jua, na hukwaruzika upesi. Chagua iliyoandikwa alifatiki, yaani aina isiyogeuka njano juani. Humo ndani kuna isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, kwa hiyo fungua milango, vaa glavu za nitraili na barakoa ya mikebe ya kuzuia mvuke. Changanya unga wa oksidi ya alumini kwenye koti hili, maana bila huo sakafu ikilowa inateleza vibaya sana. Unga mwingi mno utachanachana matambara ya kudekia.

Kutembea ni baada ya saa 24. Gari lisubiri siku 7 kama hali ni ya baridi. Malalamiko yangu mawili: cheche za kuchomelea huacha alama nyeusi zisizotoka, na kiraka cha kurekebisha huonekana daima hata rangi ikiwa ileile. Chini ya stendi za jeki weka plaiwudi. Mng'ao ukianza kufifia kwenye njia ya matairi, piga msasa namba 120, futa vumbi, upake poliurethani upya kabla uchakavu haujafika kwenye epoksi.