MCP Inspector: daraja la kukagulia zana kabla ya kumkabidhi wakala wa akili mnemba

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitumia MCP Inspector, programu ya kujaribia seva kupitia kivinjari, kila ninapoandika seva ndogo, yaani programu za kuwaunganisha mawakala wa akili mnemba (programu zinazoamua zenyewe hatua za kuchukua) na zana za nje. Nimeona inastahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu wengi huiwasha haraka, wakaona ukurasa umefunguka kwenye kivinjari, kisha wakaendelea na kazi bila kujua ni nini hasa kimewashwa ndani ya kompyuta yao.

Itifaki inayohudumiwa na programu hii, Model Context Protocol, ilitolewa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024. Katika itifaki hiyo, seva hutangaza zana zake, na kila zana huwa na jina, maelezo na orodha ya taarifa inazohitaji ili ifanye kazi. Wakala huyasoma maelezo hayo, huamua aite zana ipi, na ujumbe baina yao hupita kwa muundo wa JSON-RPC 2.0, kanuni ya kuandika maombi na majibu kwa maandishi ya JSON. Seva inayokaa kwenye kompyuta yako mwenyewe kwa kawaida huzungumza kwa njia ya stdio, yaani hupokea mistari ya maandishi na kujibu kwa mistari ya maandishi, kama programu yoyote ya dirisha la amri. Ugumu unaanzia hapo, kwa kuwa kivinjari hakiruhusiwi kuanzisha programu kwenye kompyuta wala kuzungumza nayo kwa njia hiyo.

Inspector huuondoa ugumu huo kwa kuwa na sehemu mbili: ukurasa wa wavuti unaopatikana kwenye poti 6274 (poti ni namba ya mlango wa mawasiliano wa kompyuta), na daraja linalosikiliza kwenye poti 6277. Daraja ndilo linaloanzisha seva yako, likapokea maombi ya kivinjari kwa HTTP, likayapeleka kwa stdio, kisha likarudisha majibu. (Ukizitafuta namba hizo kwenye vitufe vya simu za zamani, 6274 husomeka MCPI na 6277 husomeka MCPP, jambo lililonisaidia kuzikumbuka.) Inspector haina malipo na msimbo wake uko wazi. Kinachohitajika ni Node.js (programu ya kuendeshea msimbo wa JavaScript) ya toleo jipya na amri moja ya npx, ambayo mara ya kwanza hupakua vifurushi kutoka kwenye intaneti. Baada ya hapo, ikiwa seva yako iko kwenye kompyuta hiyohiyo, mazungumzo yote hubaki humo humo.

Niliipima kwa kazi halisi. Niliandika kwa Python seva ya kusoma daftari la mauzo la duka la vifaa vya ujenzi, lililohifadhiwa katika faili la hifadhidata la SQLite, nikaipa zana tatu na kuziandikia maelezo kwa Kiswahili. Inspector ilipoziorodhesha, niliyaona maelezo yangu kama wakala atakavyoyapokea, na mara moja nikagundua kwamba zana moja ilidai tarehe bila kutaja iandikwe kwa mpangilio gani. Kwa kila zana ukurasa hutengeneza fomu ya kujaza, na chini yake kuna kumbukumbu ya kila ombi na kila jibu kama lilivyopita darajani. Sehemu hiyo ya kumbukumbu ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Nilikuwa nimeacha mstari mmoja wa kuchapisha maneno "daftari limefunguliwa", nikisahau kwamba katika stdio njia ya kutolea maandishi ni ya ujumbe wa JSON-RPC pekee, na kwamba neno lolote la ziada huvuruga mazungumzo. Kosa la kusoma JSON lilijitokeza papo hapo likiwa na maneno yangu ndani yake. Nikauhamishia mstari ule kwenye njia ya makosa, stderr, na tatizo likaisha. Ningekuwa nimeiunganisha seva moja kwa moja na wakala, huenda ningetumia mchana mzima nikiilaumu modeli.

Usalama ndio unaohitaji umakini mkubwa zaidi. Daraja linaloweza kuanzisha seva yako linaweza pia kuanzisha programu nyingine yoyote, na katika matoleo yaliyotangulia 0.14.1 lilipokea amri bila kuuliza zimetoka kwa nani. Ukurasa wenye nia mbaya, ukifunguliwa katika kivinjari cha mtu aliyeacha Inspector ikiwa imewashwa, uliweza kutuma ombi kwenye poti ya ndani na kuendesha amri kwenye kompyuta yake. Udhaifu huo ulisajiliwa katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu kama CVE-2025-49596, ukapewa alama 9.4 kati ya 10 kwa ukali, na ulirekebishwa mwezi Juni 2025. Sasa kila unapoiwasha hutengenezwa tokeni mpya ya siri, yaani msimbo wa kuthibitisha anayetuma ombi, ambayo bila hiyo daraja halijibu; asili ya ombi hukaguliwa; na daraja husikiliza kwenye kompyuta yako tu, si kwenye mtandao mzima. Upo uwezekano wa kuiondoa tokeni kwa kutumia kigezo DANGEROUSLY_OMIT_AUTH, ambacho jina lake lenyewe ni onyo. Namsihi kila anayefanya kazi kwenye mtandao wa ofisi ya pamoja au wa hoteli asikiguse, aangalie namba ya toleo alilonalo, na aizime Inspector anapomaliza ukaguzi.

Ukurasa wake ni wa Kiingereza, nao umejaa vitufe kiasi cha kumchanganya anayeanza, lakini hilo huzoeleka baada ya siku mbili. Pengo kubwa zaidi ni kwamba Inspector huikagua seva tu, wala haikuonyeshi uamuzi wa wakala, kwa kuwa anayechagua zana na kujaza fomu ni wewe mwenyewe. Seva yangu ilipita kila jaribio, lakini nilipomuunganisha wakala na kumuuliza mauzo ya saruji ya wiki iliyopita, aliita zana ya kuorodhesha bidhaa zilizobaki stoo, kwa sababu maelezo ya zana zote mbili yalianza na maneno "huonyesha bidhaa za duka". Niliyaandika upya, ya kwanza ikitaja vitu vilivyokwisha kuuzwa na siku vilipouzwa, ya pili ikitaja vitu ambavyo bado vipo, nikazipitisha tena kwenye Inspector, na nilipomrudishia wakala swali lilelile aliita zana ya mauzo.