Niliwachukua vijana wa kuchezesha watoto likizo ya Disemba: uzoefu wangu, Kiembesamaki

Wazazi wenzangu wa Unguja, najua wengi wenu likizo hii ya skuli mnafikiria kuwachukua vijana wa kuchezesha watoto. Mimi niliwachukua, na nitawachukua tena. Ila safari ijayo, kabla sijatoa hata shilingi, nitawauliza juu ya kila mchezo waliouleta: mtoto akishindwa anakwenda wapi? Wakinijibu kwamba anakaa pembeni, mchezo huo ubaki kwenye mabegi yao.

Wifi yangu alikuja na wanawe kutoka Uingereza kwa likizo ya Krismasi ya skuli za huko, na skuli zetu nazo zimefungwa mpaka Januari. Tukaona tuwakusanye watoto wa ukoo na wa mtaani uwanjani kwa mama mkwe, wacheze pamoja jioni moja. Walifika watoto wapatao 30, mdogo wao ana miaka 4 na mkubwa 13. Majirani zetu kadhaa ni Wakristo, na watoto wao walikuja na nguo zao mpya za Krismasi.

Hao vijana wana mpango wao wanaouita sherehe ya theluji. Wanakuja wanne, na spika, turubai, maputo meupe, picha kubwa za watu wa theluji, deli la barafu na mabegi ya vifaa. Waliniambia 400,000, tukashushana mpaka 350,000, zawadi ndani yake, chakula juu yetu. Katika mpango huo yumo pia kijana wa kuvaa nguo nyekundu na ndevu za pamba. Nikamwomba kiongozi wao amwache, kwa sababu wazazi wengi wa mtaani kwetu wasingeridhika, na sherehe yenyewe ilikuwa ya kufunga skuli na kuwapokea wageni. "Hakuna tabu dada, sherehe ni yako," akanijibu, na hakununa wala hakudai kitu zaidi. Nikamwambia na muziki uzimwe adhana inapoanza. Akasema hilo halihitaji kuambiwa.

Kasoro ya kwanza ilikuwa muda. Disemba ni kaskazi, jua limesimama utosini, huwezi kumtoa mtoto uwanjani saa nane mchana. Muda wa kucheza ni baina ya Alasiri na Magharibi, basi. Tulikubaliana waje saa tisa watandike kila kitu, tukitoka kusali watoto waanze. Walifika karibu na saa kumi na nusu. Walikuwa na kazi nyingine upande wa Fuoni na hawakuwa na simu ya kutuambia, eti chaji imekwisha kwa wote wanne. Saa nzima ya watoto ikapotea, na si saa ya kurudishwa, kwa sababu Magharibi haikungoji. Nililisema hili mbele yao na nalisema tena hapa: anayefanya kazi na watoto asichukue sherehe mbili jioni moja.

Sasa michezo yenyewe. Mingi waliyoileta ni ya baridi ya Ulaya, na hilo lina maana yake. London mwezi wa Disemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Watoto wako ndani ya nyumba, nje giza na baridi, kwa hiyo michezo yao ya sikukuu ni ya chumbani: viti, vifurushi, kufunga macho na kubandika pua ya mtu wa theluji ukutani. Saa ile ambayo wao wanafunga mapazia ndiyo saa ambayo sisi tunawatoa watoto nje. Ukiuchukua mchezo wa chumba kidogo ukauweka kwenye uwanja wa mchanga wenye minazi, mwingine unakufa na mwingine unafufuka upya. Nilitazama kwa makini ni upi unakufa.

Uliofufuka kuliko yote ni wa barafu. Vijana walikuwa wamegandisha maji ndani ya vikopo vya siagi, na katikati ya kila pande la barafu kuna kijitu cha plastiki: samaki, kigari, nyota. Watoto waligawanywa makundi, kila kundi pande moja. Masharti ni kukitoa kilichomo bila jiwe, bila nyundo, bila kupiga chini. Nyinginezo zote ruhusa.

Laiti mngeona. Kundi la kwanza lilikaa duara likalipulizia lile pande kwa zamu, mashavu yamejaa kama maputo. Kundi la pili lilikwenda kwenye saruji ya barza, ambayo ilikuwa bado na moto wa mchana, likawa linalisugua huku na huko na maji yanachirizika vidoleni. Mtoto mmoja wa jirani, miaka 5, alilikalia kabisa, akaruka juu kwa ukelele, akalikalia tena. Hapo binti wa wifi yangu akasema kwao wakati wa baridi malori hupita usiku yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na kabla hajamaliza, mwanangu alishafika jikoni. Alirudi na bakuli la chumvi ya mawe. Wakainyunyiza, na kweli, barafu ikaanza kutoboka vitundu vitundu, ikitoa sauti ndogo ya kupasuka, na watoto wote wakaacha mapande yao kuja kutazama.

Yule kijana aliyesimamia mchezo huu anastahili sifa yake. Aliwaacha watazame kwanza, kisha akawaeleza kwa lugha yao kwamba maji matupu huganda baridi ikifika nyuzi 0, lakini maji ya chumvi yanataka baridi kali zaidi, ndiyo maana maji ya bahari hugandia karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Chumvi ikishagusa barafu, barafu haiwezi tena kukaa ngumu kwa baridi ileile. Akawakataza pia kushika kwa mkono barafu iliyotiwa chumvi, akaiweka kwenye sinia, kwa sababu inazidi ubaridi na inaweza kuunguza ngozi. Mzazi atakayeucheza nyumbani alishike hilo.

Wenye chumvi hawakushinda. Walioshinda ni kundi lililoomba ndoo ya maji ya mfereji, wakalitia pande lao ndani na kuyakoroga maji kwa nguvu bila kupumzika. Nyota ikaelea. Ubishi uliozuka hapo, kama chumvi ndani ya ndoo ingewahi zaidi, uliendelea hadi watoto wanakula. Katika mchezo mzima hakuna mtoto hata mmoja aliyeambiwa akae. Wa miaka 4 na wa miaka 13 mikono yao ilikuwa juu ya pande moja.

Vita vya theluji navyo vilinifurahisha, japo havikwenda walivyopanga. Walileta soksi nyeupe zilizoviringishwa na kushonwa zikawa mipira, na watoto wakatakiwa wasimame pande mbili warushiane. Dakika chache tu, wasichana wa mtaani wakageuza mambo: wawili wakasimama ncha hizi na hizi, wengine wakaingia kati, ikawa nage. Wageni wa Uingereza hawakuijua, wakafundishwa kwa kupigwa mipira ya mgongo. Kijana mwenye kipaza sauti alitaka kuwarudisha kwenye mpango wake. Nikamwashiria awaache, akaelewa. Mpira wa soksi hauumi, kwa hiyo hata wadogo waliingia kati bila kuogopa, jambo ambalo kwenye nage ya mpira wa kawaida hulioni.

Kumzungushia mwenzako karatasi za chooni mpaka awe mtu wa theluji ulikuwa mchezo wa kuchekesha kwa picha, lakini upepo wa kaskazi ulizibeba karatasi mpaka kwenye miti ya jirani, na sisi ndio tuliokuwa tukiokota hadi kesho yake. Nisingeulipia tena. Kifurushi cha kupokezana kilikwenda vizuri: kilifungwa kwa matabaka ya kurasa za Zanzibar Leo za zamani, muziki ukisimama aliyekishika anafungua tabaka moja, na kila tabaka lina pakiti ya ubuyu. Muziki ulisimamishwa na mtu anayewatazama watoto, kila mmoja akapata chake.

Mchezo wa viti ndio uliokufa. Kila mtu anaujua: mnazunguka, muziki unasimama, asiyepata kiti anatoka. Wa kwanza kutoka alikuwa yule wa miaka 4. Wa pili ni mdogo mwenzake. Wakakaa kwenye mkeka pembeni wakiwatazama wakubwa wakicheza, mmoja akaanza kulia na kumtaka mama yake. Wakubwa waliobaki wakaanza kusukumana, kiti kimoja cha plastiki kikavunjika mguu. Nikaenda nikaomba usimame. Badala yake tukatandika mikeka, muziki ukisimama wote wapande, kisha mkeka unakunjwa nusu, wapande tena, unakunjwa robo, mpaka wamebebana mgongoni asiguse chini hata mmoja. Wasichana wakubwa mkeka wao, wavulana wakubwa wao, wadogo popote wanapotaka. Kundi zima linashinda au linashindwa pamoja. Yule aliyekuwa analia alibebwa juu ya bega la kaka yake, na ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote.

Kufukuza kuku nilikataa tangu siku ya kupanga. Najua unapendwa na watu wazima wanaotazama, lakini anayefurahi ni mtoto mmoja mwenye mbio, na kuku anateseka bure. Resi ya magunia na resi ya kijiko zilipita bila maneno. Kwenye kijiko tulitumia ndimu, mayai ghali.

Kuvuta kamba kunahitaji maneno zaidi, kwa sababu ya usalama. Kiongozi wao aliwaambia watoto kwamba mchezo huu ulikuwa ndani ya Olimpiki kuanzia 1900 mpaka 1920, na ni kweli, watoto wakajipanga kama wanakwenda kuchukua medali. Lakini kamba waliyoileta ilikuwa ya plastiki, nyembamba, ile ya kuanikia nguo. Mvuto wa kwanza tu, viganja vikawa na mistari myekundu. Mtoto mmoja alikuwa ameizungusha mkononi ili isimponyoke, na hilo ndilo la kuogopwa kuliko yote, maana kamba ikikaza mkono hauna pa kutokea. Nikausimamisha mchezo. Mzee mmoja jirani yetu, mvuvi, akatuletea kamba nene ya chombo chake, watoto wakavuta mpaka wakaanguka chali kwenye mchanga, wakainuka, wakaomba tena. Vifaa vya watoto vinajaribiwa kwanza na mkono wa mtu mzima. Niliwaeleza vijana, na kiongozi wao alikubali na kuomba radhi kwa mzazi wa mtoto.

Zawadi ndizo zilizonisononesha. Walikuja nazo za mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu tu: bunduki za maji na midoli, nyingine zimevunjika kabla mtoto hajafika mlangoni kwao. Watoto wapatao 30, zawadi tisa. Bahati nzuri wifi yangu na mimi tulikuwa tumeweka madaftari, penseli na vichongeo kwa ajili ya skuli kufunguliwa, na malai ya kutosha kwenye deli, ndiyo yaliyotuokoa. Kila mtoto aliondoka na daftari na malai mkononi. Mkipanga nao, waambieni wakate pesa ya zawadi kwenye bei, mnunue wenyewe. Darajani kwa pesa hiyohiyo mnapata vitu vya maana kwa watoto wote.

Spika ilikuwa kubwa mno kwa uwanja wa nyumba. Tuliomba mara kadhaa ipunguzwe, ikawa inapunguzwa na kupanda tena. Adhana ya Magharibi ilipoanza waliizima palepale, kama walivyoahidi, na wakabaki kufagia uwanja bila kuambiwa, maputo yaliyopasuka wakayaokota moja moja, maana vipande vile mtoto mdogo akivitia mdomoni vinaweza kumkaba.

Kwa hiyo pesa yangu haikupotea. Vijana wana adabu, wanawajua watoto, na mchezo wa barafu peke yake ulitosha kunifanya nipige simu tena. Nimeshazungumza nao kwa ajili ya watoto wa dada yangu, siku za Mapinduzi. Tumekubaliana 250,000 bila zawadi, bila viti, bila karatasi za chooni, barafu mapande mengi zaidi na chumvi juu yetu. Kamba nene tunayo. Nusu ya pesa wanapata wakifika saa tisa, nusu baada ya Magharibi. Kuelekea tarehe 12 Januari huwa wanashikwa na watu wengi, kwa hiyo anayewataka awapigie simu mapema.