Mgonjwa wa sepsisi: protini nyingi au za wastani?
Sepsisi, yaani mwili kuitikia maambukizi kwa namna inayodhuru viungo vyake wenyewe, huvunja misuli ili asidi za amino (vijenzi vya protini) zihudumie ini na kinga ya mwili. Kinadharia, gramu 2.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku zingefidia hasara hiyo. Lakini utafiti wa EFFORT Protein wa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa mahututi 1,301 waliosaidiwa kupumua kwa mashine, haukuona waliopewa kiasi hicho wakitoka hospitalini mapema kuliko waliopewa gramu 1.2 au pungufu, na wenye figo zilizojeruhiwa walielekea kudhurika, jambo ninaloliona zito sana. Kipimo cha wastani ni nafuu, tena hufikiwa kwa urahisi kupitia mpira wa kulishia. Figo zikiwa nzima na mazoezi ya viungo yameanza, kuongeza taratibu kuna hoja. Figo zikiyumba, ningebaki kwenye wastani.