Tathmini ya Paybill ya M-Pesa kwa jumuiya ndogo ya Kiyahudi inayochangisha fedha za sinagogi lake la kwanza

Nimeitumia huduma ya Paybill ya M-Pesa, yaani namba ambayo taasisi hupokelea malipo ya simu, nikiwa mtunza hesabu wa kujitolea wa jumuiya ndogo ya Kiyahudi ya bara, ambayo inatafuta kiwanja na jengo lake la kwanza. Naandika kutoka Mombasa, ninakoishi na ninakofanyia kazi hiyo kwa simu na kompyuta, kwa ajili ya kamati yoyote ya ibada inayojiuliza iwapo inafaa kuwa na namba yake yenyewe. Jibu langu ni kwamba inafaa, na sababu kubwa ni kumbukumbu inayobaki baada ya kila shilingi kuingia. Wachangaji wengi wa jumuiya kama hii hawajawahi kuiona jumuiya yenyewe, na kinachowafanya watoe mara ya pili ni kuonyeshwa, kwa tarehe na kiasi, mahali zilipo fedha walizotoa mara ya kwanza.

Hali yenyewe ni hii. Familia chache husali katika sebule ya nyumba ya kupanga, na watu wazima kumi wanaohitajika kwa sala ya pamoja hupatikana kwa kupigiana simu tangu Alhamisi. Gombo la Taurati huhifadhiwa katika kabati la kawaida, na mwenye nyumba akiamua kuuza, ibada nzima huhama pamoja na vyombo vya jikoni. Safari ya kutoka sebuleni hadi kwenye jengo huwa ndefu katika ukanda wetu. Jumuiya ya Kiyahudi ya Nairobi ilianza mwaka 1904, na jiwe la msingi la sinagogi lake la kwanza likawekwa mwaka 1912. Kule Uganda, Abayudaya, jumuiya ya Waganda wafuasi wa dini ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipitia marufuku ya Idi Amin dhidi ya dini yao na miaka mingi ya majengo ya hali ya chini, hadi sinagogi kubwa la kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, lilipofunguliwa mwaka 2016 kwa msaada mkubwa wa wafadhili wa nje. Kamati inayoanza leo inapaswa kuchagua njia ya kuchangisha itakayodumu miaka kadhaa, hata viongozi wake wakibadilika.

Kuipata namba hakukuwa kwepesi. Huhitajika cheti cha usajili wa jumuiya, PIN ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, vitambulisho vya watia saini na barua ya benki inayothibitisha akaunti ambamo fedha zitahamishiwa. Sisi tulicheleweshwa na barua ya benki, kwa kuwa ofisa aliyetupokea alidhani jumuiya ya ibada isiyokuwa kanisa wala msikiti lazima iwe kampuni, nasi tukarudi na vyeti vilevile mpaka meneja alipovisoma mwenyewe. Nashauri kila kamati isajili wadhamini wake kabla ya kuomba namba, kwa sababu hao ndio watakaoandikwa katika hati miliki. Sisi wa Mombasa tunalielewa jambo hili kuliko wengi, kwani tumezaliwa katika mji ambamo mtu huweza kumiliki nyumba juu ya kiwanja cha mwingine, akailipia kodi ya ardhi maisha yake yote na bado asiwe na uhakika wa kesho. Sinagogi likijengwa juu ya ardhi yenye hati ya mtu binafsi, hata awe mwema kiasi gani, litabaki mashakani siku atakapofariki.

Sifa kubwa ya huduma hii ni kwamba inaoana na desturi ya kale ya Kiyahudi ya kukusanya sadaka. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, inaelekeza kwamba fedha za sadaka zikusanywe na watu wawili na kugawiwa na watatu, ili asiwepo mmoja anayeshika mfuko peke yake. Tulipotumia namba ya simu ya mtu mmoja, kama kamati nyingi za harambee zinavyofanya, kanuni hiyo ilivunjika kila siku: mweka hazina alikuwa mwaminifu kabisa, lakini michango ya jengo ilichanganyika na karo ya wanawe na nauli yake, na hakuna aliyeweza kuthibitisha uaminifu huo. Paybill imetenganisha mikono. Fedha huingia bila mtu kuzigusa, nasi tumeagiza benki isitoe chochote bila saini tatu. Mpangilio wa saini unatokana na uamuzi wa jumuiya, na M-Pesa haiwezi kuufanya kwa niaba yake.

Hapo hunijia kitabu cha Kutoka, ambacho wasomaji wa dini zote hapa pwani wanakifahamu kwa njia moja au nyingine. Hema la ibada la Waisraeli jangwani lilijengwa kwa michango ya kila aliyesukumwa na moyo wake, jambo ambalo wazee wetu walilisema kwa namna yao kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Watu wakaleta kupita kiasi hata Musa akatangaza waache. Kinachonigusa zaidi mimi mhasibu ni sura ya 38, ambamo hesabu inasomwa hadharani. Wanaume 603,550 walitoa nusu shekeli kila mmoja, na fedha iliyoandikwa, kwa vipimo vya kale vya uzito, ni talanta 100 na shekeli 1,775. Ukiichukua talanta kuwa shekeli 3,000, jumla ni shekeli 301,775, yaani nusu kamili ya idadi ya watu. Hesabu inafunga. Hiyo ndiyo taarifa ninayotaka kuiweka mbele ya wazee wa jumuiya kila mwisho wa mwezi, na taarifa ya Paybill, inayopakuliwa ikiwa na tarehe, saa, kiasi na namba ya muamala, imeniwezesha kufanya hivyo.

Suala la Sabato lilinitia wasiwasi mwanzoni. Kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi nyota zinapoonekana Jumamosi, jumuiya haigusi fedha, haipokei wala haihesabu. Hata hivyo, kutamka ahadi kwa ajili ya sadaka siku hiyo kunaruhusiwa, na ni desturi aliyeitwa kusoma baraka za Taurati aahidi kiasi fulani, kisha alipe baada ya Sabato. Kwa hiyo hatutumi ujumbe wowote wa kukumbusha katika saa hizo, na taarifa hufunguliwa Jumamosi usiku. Marafiki wasio Wayahudi hutuma wakati wowote wapendao, na mchango wao hukaa salama bila mtu kulazimika kuupokea mkononi. Kwa walioahidi kiasi cha kila mwezi, M-Pesa Ratiba inayolipa yenyewe kwa tarehe iliyopangwa imepunguza aibu ya kudaiana, ingawa ni lazima kuwashauri waikague tarehe isiangukie Sabato.

Kuhusu usiri wa mtoaji nimeona faida na taabu kwa pamoja. Katika harambee zetu jina husomwa kwa kipaza sauti na mwenye kidogo huinamisha kichwa. Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, alizipanga ngazi nane za kutoa, akaiweka karibu na kilele ile ambayo mtoaji na mpokeaji hawajuani. Paybill humpa mnyonge heshima hiyo: majirani zangu wa Tudor na Majengo, Waislamu kwa Wakristo, wametuma walichoweza bila kutangazwa, jambo lililonifurahisha sana. Taabu ni kwamba namba ya simu ya mtoaji haionekani yote, na anayetaka risiti au kuandikwa katika kumbukumbu za jengo huwa vigumu kumtambua. Tumeomba kila anayetaka kujulikana aandike jina lake mahali pa namba ya akaunti, baada ya neno moja la kuonyesha mfuko: ARDHI, JENGO au TAURATI. Kabla ya utaratibu huo watu waliandika walichopenda, nami nilibaki kukisia.

Mfuko wa TAURATI unastahili maelezo yake. Gombo huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi 304,805, na likikosewa herufi moja halifai kusomwa ibadani mpaka lisahihishwe. Gharama yake ni kubwa mno kwa familia chache, hivyo jumuiya nyingi duniani huwaruhusu watu kufadhili herufi, neno au sura, na michango midogo ya namna hiyo ndiyo ambayo simu huikusanya vizuri kuliko njia nyingine yoyote niijuayo. Baadhi hutuma shilingi 180 au 1,800, kwa kuwa 18 ni hesabu inayohusishwa na uhai, na nikiiona katika taarifa hufahamu mara moja kwamba mtoaji anaijua desturi.

Juu ya ada, jumuiya inaweza kuchagua mtoaji alipe, jumuiya ilipe, au wagawane. Chagueni jumuiya ilipe, ili anayetoa mia moja asikatwe zaidi. Kiwango cha juu cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, na cha siku 500,000, kwa hiyo mfadhili mkubwa apewe namba ya akaunti ya benki. Kwa wachangaji wa Marekani na Uingereza huduma hii haitoshi kabisa: wao huhitaji shirika la hisani lililosajiliwa kwao ndipo wapate nafuu ya kodi, na kamati inayotegemea nje ianze kutafuta shirika hilo mapema, sambamba na kuomba Paybill.

Kwa sasa namba yetu inapokea zaidi fedha za ARDHI. Kiwanja kinachozungumzwa kinaruhusu ukuta wa sanduku la kuhifadhia gombo la Taurati uelekee Yerusalemu, ambayo kutoka kwetu ni upande wa kaskazini, na wadhamini wameomba utafutaji rasmi wa hati kabla ya kulipa amana.